Chandarua ninacho, dengi imenipataje?

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia: "Kaka, kila siku nalala ndani ya chandarua, dengi imenipataje?" Nilicheka peke yangu. Swali hilohilo nililiuliza mwaka 2019, homa hiyo ilipoikumba Dar nikalala hoi, viungo kama vimetwangwa kinuni, macho yakiuma hata nikiyazungusha.

Malaria nilipimwa mara mbili, hakuna. Nikatafuta wa kumlaumu, nikampata: jirani, na dimbwi lake nyuma ya nyumba. Nilimsema mbele ya wapangaji wake, Mungu anisamehe.

Dimbwini viluwiluwi walikuwamo kweli, ila wa anofelesi, mbu wa malaria. Siku hizi nawatambua kwa macho. Kiluwiluwi wa anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, utadhani kijiti kinaelea. Wa aedesi, mbu wa dengi, huning'inia kichwa chini, anapumulia kibomba cha mkiani. Hao niliwakuta kwenye visahani vya maua yangu, barazani, hatua tatu kutoka kiti ninachonywea chai. Na maua yale nilikuwa nayapiga picha kila wiki!

Anofelesi anakuja usiku, na akitua anainua makalio. Aedesi ni mweusi, miguu ina madoadoa meupe, anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Chandarua cha usiku utamnasa nacho saa ngapi? (Usikitupe lakini, malaria bado ipo.)

Sasa sikilizeni, maana najua sote tunapenda baraza lenye maua. Kumwaga maji hakutoshi. Mimi nilimwaga kila Jumamosi nikijiona msafi. Aedesi hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yake yakikauka hukaa miezi hai. Mvua ikiyafikia, yanaanguliwa. Kwa hiyo sugua. Visahani, ndoo, mapipa: sugua kwa brashi, kila wiki, kwa sababu yai hadi mbu ni siku kama 7 hadi 10 tu. Tairi bovu ondoa, simtanki funika. Kisha sugua tena. Watu hamsugui, mnamwaga tu halafu mnakuja kuniuliza.

Visahani vyangu nilivitupa vyote, nikabakiza kimoja cha udongo, cha marehemu mama. Jirani akinikuta nakisugua getini husimama. "Vipi, bwana maua, dimbwi langu unalionaje leo?" Huwa simjibu, naendelea na brashi.