Baba mdogo hataki kufungua begi

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi niko Nkuhungu hapa Dodoma. Baba yangu mdogo ana miaka 78, hakujaliwa mtoto, mkewe alishafariki, alikuwa anaishi peke yake kijijini huko Bahi, mvua za mwaka huu nyumba yake ya tembe ikabomoka upande mmoja na macho yenyewe haoni vizuri. Mi nimepanga vyumba viwili na nina watoto wanne, nikampeleka kituo cha wazee cha masista. Anakula, nesi yupo, pasafi kuliko hata kwangu. Sasa huu mwezi wa pili begi lake liko chini ya kitanda limefungwa na kamba vilevile, koti anashinda nalo hata jua likiwaka, na nikifika tu ananiuliza, mvua si zimeisha, tunaondoka lini? Maana nilimwambia anaenda kutibiwa macho tu halafu anarudi. Na wale mbuzi wake sita nimeshawauza, hajui. Nifanyeje azoee?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzee wako wala hajashindwa kuzoea, anasubiri gari. We ndo ulimwambia anarudi, sasa afungue begi la nini?

Nenda siku ya kazi asubuhi, siyo Jumapili wageni wamejaa, mkae nje chini ya mti umwambie baba nilikudanganya, nyumba imeanguka na kwangu hapatoshi. Atakasirika, pengine asikusemeshe hata mwezi, mwache. Ila usianze kumwambia mbona huku pazuri, mbona mnakula nyama, huyo mtu kapoteza nyumba ambayo paa lake alipanda mwenyewe kulisiriba, analilia hiyo we unamtajia nyama!

Mbuzi nao umweleze mmoja mmoja, mfugaji wa Kigogo anawajua kwa rangi na kwa mama zao, yupi uliuza bei gani na hela ilienda wapi. Ikibaki kidogo mnunulie jike mmoja umwache kwa jirani kule Bahi, mzee awe na kitu cha kuulizia, kazaa? kazaa wangapi?

Mpelekee kigoda chake na fimbo. Nesi mwambie huyu anaamka saa kumi na moja, wali kwake siyo chakula, anataka ugali wa uwele na mlenda, na kama kuna mzee mwingine anayejua Kigogo wawaweke jirani, akiamka asikie salamu yake ya mbukwenyi. Na wewe usiahidi kila wiki, najua maisha ya mjini, sema Jumamosi ya kwanza ya mwezi halafu uende kweli, na watoto uwabebe.

Akianza kugoma kula, hapati usingizi, au anasema bora afe, usiseme ni uzee, hiyo inaweza kuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na inatibika, mwambie nesi amwite daktari amwangalie na mwili pia. Wakisema aende Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, usishtuke, huo utani wetu wa Dodoma kwamba Mirembe ni ya vichaa umechelewesha wengi.

Halafu macho yenyewe yametibiwa? Maana hujasema. Kama ni mtoto wa jicho hiyo ni operesheni fupi tu na watu wanarudi wanaona. Mpeleke hospitali wiki hii, hayo mengine umwambie njiani.