Nilimshuku mweka hazina wetu

Kila Jumamosi kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilipokutana, macho yangu yalikuwa kwenye vidole vya mweka hazina. Akilowanisha kidole kwa ulimi na kuanza kuhesabu noti, nami nahesabu naye kimoyomoyo. Akikosea akaanza upya, moyo unaniambia, huyu dada anatula. Nikafika hadi kumnong'oneza jirani.

Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu. Mmoja wao ni mimi. Asingeweza kulifungua bila mimi kuwepo, na bado nilimshuku.

Miezi hiyohiyo nilikuwa nasimamia duka la kaka yangu. Mara tatu nilichota kwenye droo ya mauzo nikijiambia nitarudisha. Sikurudisha, na kila nilipolikumbuka jambo hilo nililifukuza haraka.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mimi nilikwenda mbali zaidi: doa langu nililibandika kwa mwenzangu, kisha nikamchukia kwa sababu ya doa hilo. Sigmund Freud, daktari aliyechunguza mambo ya nafsi, alikwisha kuandika juu ya tabia hii huko Vienna, Austria, miaka ya 1890. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Leonard Newman na wenzake, nchini Marekani, katika utafiti wao waliwaambia watu kwamba wana sifa fulani mbaya, wakawataka wajizuie kuifikiria. Walipoonyeshwa mtu mwingine kwenye video, wakaiona sifa ileile kwake. Niliposoma hayo nilikumbuka droo.

Basi ukianza kumshuku mtu, jiulize kwanza umeona nini kwa macho yako. Mimi ningeulizwa, jibu langu lingekuwa "alirudia kuhesabu", basi. Halafu jiulize ni lini wewe mwenyewe ulifanya hilo unalomtuhumu. Swali hili linauma. Kaa nalo hata siku mbili kabla hujafungua mdomo. Wezi wapo kweli, na daftari lisipolingana na fedha ni haki yako kusimama kikaoni ukaseme. Ila uwe na daftari mkononi.

Nilimwambia kaka. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza ni kiasi gani. Nimemlipa kwa awamu nne. Kilichoniwia kigumu zaidi ni kurudi kwa jirani kuyafuta maneno yangu, maana alikuwa ameshawaambia wengine wawili, na ikabidi niende kwao pia, mlango kwa mlango.