Mtoe mavyaa chumbani kwanza, fomu baadaye

Usiijaze hiyo fomu ya tathmini ya mgonjwa. Nimesoma mara mbili ulichoniandikia, wewe mwanafunzi wa uuguzi: mgonjwa wako ni mzazi wa wiki tatu, kalazwa kwa presha, kanyamaza, usiku halali, na kila ukimuuliza kitu mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, ndiye anayejibu. Na wewe unataka kuyachukua majibu ya mavyaa uyatie kwenye sehemu ya hali ya akili, msongo na namna anavyokabiliana, kwa sababu msimamizi anataka kazi Jumatatu. Halafu unauliza nadharia ipi ya msongo uitumie, kipimo kipi, na utambuzi wa kiuguzi uutungeje. Mdogo wangu, mtoe huyo mavyaa chumbani kwanza.

Mie nilifundishwa kama unavyofundishwa wewe. Nilikuwa mwanafunzi Pemba, msimu wa karafuu, na msimu ukifika wodi ya wanaume haikosi watu walioanguka mikarafuuni. Nikapewa mtu wa makamo, paja limevunjika, mguu umevutwa kwa uzito, kulala chali siku nenda siku rudi. (Nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane.) Kaka yake mkubwa habanduki pale kitandani. Nikiuliza "usiku unalala?", kaka anasema analala. Nikiuliza "una wasiwasi wowote?", kaka anasema huyu mtu wa swala, hana neno. Mgonjwa mwenyewe anatazama dari. Nikaandika: anakabiliana vizuri, ana familia inayomsaidia, dini ni nguzo yake.

Sasa angalia yaliyokuwa mbele ya macho yangu. Chakula kililetwa kutoka nyumbani, kikafunikwa kawa, na jioni kikarudi kama kilivyokuja, wali umeganda. Redio yake ndogo alimpa kijana wa kitanda cha pili, akamwambia "chukua moja kwa moja". Alimwita mpwa wake aje na daftari, akamtajia madeni yake yote, fulani namdai, fulani ananidai, mpaka deni la sukari dukani. Na kila aliyekuja kumtazama alimshika mkono akamwomba radhi. Kaka alifurahi sana. Aliniambia ajali imemzindua mdogo wake, imani imezidi. Nami nikayaandika hayo kwenye faili kama dalili njema.

Ni kweli kwamba Muislamu kuandika madeni na kuomba radhi ni jambo jema, na mtu anaweza kulifanya akiwa na amani kabisa. Ndiyo maana usikae ukakisia. Mtu hapati usingizi, hali chakula, anagawa vitu vyake na anaaga watu: hapo huulizwa yeye, peke yake, kwa maneno yaliyo wazi. Hakuulizwa. Siku chache baadaye, usiku, alijaribu kujitoa roho palepale kitandani. Kijana wa kitanda cha pili ndiye aliyepiga kelele, na kwa rehema za Mungu akawahiwa.

Alipokuja muuguzi wa afya ya akili kuzungumza naye, jambo la kwanza alilofanya ni kumwomba yule kaka atoke. Hakufanya lolote la ajabu zaidi ya hilo. Aliburura kiti, akakaa, uso wake ukawa sawa na uso wa mgonjwa. Yule bwana akasema yote. Shamba la mikarafuu waliloachiwa na baba yao, kaka alikuwa ameshauza mavuno yake kabla hayajachumwa, pesa keshazila, na yeye alipanda mti siku ile akijua anachuma karafuu za watu. Nyumbani ana watoto, mguu ndio huo, na mtu pekee wa kumwambia ndiye aliyemfikisha hapo, tena kakaa kando ya kitanda akimjibia. Angeyasemaje mbele yake?

Msimamizi wetu wa wakati ule bado ananikera. Alituambia mambo mawili, tena kwa kujiamini. La kwanza, "jamaa ndio wanaomjua mgonjwa, msipoteze wakati". La pili, "msimuulize mtu habari za kujiua, mtamtia fikra ambayo hakuwa nayo". Hili la pili linaua watu na linaendelea kufundishwa. Mwongozo wa mhGAP, ule wa maradhi ya akili wa Shirika la Afya Duniani, uliotoka 2010 na kurekebishwa 2016, umeandikwa khasa kwa vituo visivyo na mabingwa wa akili, yaani vituo kama vyetu. Unasema wazi kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujidhuru hakumsukumi kujidhuru. Mara nyingi humpunguzia wasiwasi, akaona kuna anayemuelewa. Msimamizi wako akikukatalia, mwonyeshe.

Sasa mzazi wako. Mavyaa hatoki kwa kuambiwa "toka", na usimvunjie heshima, maana kesho ndiye atakayemtunza huyo mkwe wake. Tumia stara. Mzazi wa wiki tatu ana mengi ya kukaguliwa: presha, joto, damu anayotoka, matiti, mshono kama anao. Mwambie, "Mama, nakuomba unisubiri nje kidogo, namkagua mwili." Hakuna mavyaa wa Unguja wala Pemba atakayeona vibaya. Vuta pazia, mkague kweli, tena kwa makini, kwa sababu homa ya uzazi au upungufu mkubwa wa damu huweza kumchanganya mtu ukadhani ni akili tu. Ukimaliza, usiondoke. Kaa. Nyamaza kidogo.

Anza na usingizi. "Mtoto akilala, na wewe unalala?" Mzazi anayeamshwa na mtoto ni jambo la kawaida. Mtoto kalala, nyumba kimya, na yeye macho makavu mpaka alfajiri, hilo si la kawaida. Muulize anawaza nini saa hizo. Huku na huko mtazame: anamtazama mtoto au anampakata kama mzigo wa mtu mwengine? Anasema kwa sauti gani? Anajua leo siku gani, yuko wapi? Anasikia watu wasioonekana? Akiwa kachanganyikiwa au anasikia sauti, siku hizi za mwanzo baada ya kuzaa, hiyo ni dharura ya leo hii, wala usingojee Jumatatu.

Kisha sema: "Watu wengi wakizidiwa na mazito huona bora wasingekuwepo. Na wewe imekufika?" Akisema ndiyo, endelea, sauti yako isibadilike: umefikiri kujiua? Umefikiria utafanyaje? Kuna kitu umekiweka? Na mtoto, imekujia fikra ya kumdhuru? Usimwambie "haramu hiyo". Anaijua. Pengine ndiyo inayomzuia, na pengine ndiyo inayomfanya aogope kukuambia. Wala usimuahidi siri. Mwambie utamwambia sista wa zamu na daktari kwa sababu unataka abaki salama.

Kipimo umeuliza. Kwa mzazi kuna kile cha Edinburgh cha 1987, cha kupima sonona baada ya kuzaa, maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, alama 0 mpaka 30. Swali la 10 ni la kujidhuru. Jumla inaweza kuwa ndogo na swali hilo likajibiwa ndiyo, kwa hiyo litazame peke yake kabla hujajumlisha. PHQ-9, kipimo cha sonona cha maswali tisa kwa mtu yeyote, nayo swali lake la mwisho ni hilohilo. Lakini ukikijaza kipimo mavyaa akiwa kitini, umepima akili ya mavyaa.

Kukabiliana kwake pia usikuandike kwa mazoea. Umesema utaweka "anaswali". Yumo ndani ya nifasi, siku za damu ya uzazi, haswali. Kile kilichokuwa kikimtuliza mara tano kwa siku kimesimama kwa sasa, basi muulize anashika nini badala yake: dua, dhikri, mama yake mzazi, rafiki yake wa kike, au hakuna. Muulize zamani akifikwa na zito alikuwa akimwendea nani, na kama sasa anaruhusiwa kumwendea. Wakikwambia ana shetani, au kapelekwa kusomewa na kunywa kombe (maji yaliyooshewa maandishi ya Qurani), usibishane. Andika, halafu muulize yeye mwenyewe anaonaje.

Mavyaa utamsikiliza baadaye, kando. Ana ya kusema: mkwe wake alikuwaje kabla ya kuzaa, lini alianza kukataa kula, kama kuna ugonjwa wa namna hii katika ukoo. Hayo yana thamani, ila andika kwamba kasema mavyaa.

Mwahi asubuhi kabla watu wa kutazama wagonjwa hawajaingia. Akijibu ndiyo kwenye lile swali la kujiua, fomu iache hapohapo, usimwache peke yake hata kwa kwenda kumwita mtu. Paza sauti sista aje kwako.