AC Inadondosha Maji, Gesi Haina Kosa: Maswali na Majibu ya Mabomba na Dakti

Barua za msimu huu wa joto zimetoka zaidi madukani, hotelini na maofisini kuliko majumbani. Nimechagua zile zinazohusu vitu viwili ambavyo mteja havioni tena dari ikishafungwa: bomba la kutolea maji ya kiyoyozi, na dakti, yaani mifereji ya kupitishia hewa.

Shikamoo fundi. Nina duka la nguo Kariakoo lenye AC nne za kaseti, zile za kuchomeka darini. Mbili zinadondosha maji kila mchana. Fundi ameongeza gesi mara mbili na bado nguo zinalowa.

Marahaba. Gesi iache kwanza. Ni kweli gesi ikipungua koili, yaani vibomba vya ndani vinavyopoza hewa, huweza kushika barafu, na barafu ikiyeyuka maji yakafurika, lakini hapo ungelalamika pia kwamba duka halipoi. Hukulalamika hivyo.

Hewa ya Dar es Salaam imebeba mvuke mwingi. Kaseti ya Btu 60,000, yaani tani 5 za nguvu ya kupoza, siku yenye unyevu huweza kutoa lita 6 hadi 8 za maji kwa saa. Zikiwa nne za ukubwa huo zote zinafanya kazi kwa nguvu, ni kama debe moja na nusu kila saa, na yote hayo yanapita juu ya vichwa vya wateja wako. Ndani ya kaseti mna pampu ndogo inayoyainua maji. Aina nyingi hufikisha sentimita 70 hadi 85 juu ya usawa wa dari. Baada ya hapo pampu imemaliza kazi yake. Safari iliyobaki ni mteremko tu, na mteremko wa chini kabisa unaokubalika ni sentimita 1 kwa kila mita 1. Bomba la mita 18 lianze juu kwa sentimita 18 kuliko linapoishia.

Hapo ndipo majengo ya Kariakoo yanapoumbua mafundi. Dari ya jipsamu iko karibu mno na slabu, yaani zege la ghorofa ya juu, boriti za zege zimekatiza njia, na fundi akiishiwa nafasi hulilaza bomba. Au analianza vizuri halafu analining'iniza kila mita 3, plastiki inabonyea katikati, na ule mbonyeo unageuka kidimbwi cha utelezi. Viningʼinizo viwe kila mita 1 hadi 1.5. Mpira wa mikunjo usiutumie kabisa kwa safari ndefu. Huo unabonyea hata kabla fundi hajashuka ngazi.

Ila kinachonishughulisha zaidi ni kwamba zinavuja mbili tu, tena mchana ambapo zote nne zimewaka. Nashuku makutano. Kila kaseti inapaswa kumwaga maji yake kwenye bomba kuu kwa juu. Zikiungwa kwa ubavu, usawa mmoja, pampu ya mashine moja inasukuma maji kwenye trei, yaani sinia la kukingia maji, ya jirani yake. Mwambie fundi safari hii aje na pimamaji na ngazi, geji ya gesi aiache dukani kwake. Afungue dari pale mabomba yanapokutana. Na bomba kuu lisiwe na kipenyo kilekile cha bomba la mashine moja. Kama kila kaseti inatoka na milimita 32, kuu liwe 50.

Ukumbi wetu wa mikutano hapa Nyali, Mombasa, unapozwa na mashine kubwa ya dakti. Ikiwa inazunguka hakuna tone. Tukiizima jioni maji yanamwagika ghafla kutoka chini yake. Mteremko umepimwa, ni mzuri.

Maelezo yako yamenirahisishia kazi. Mashine yako haina trapu, yaani pindo la bomba linaloshika maji ili hewa isipite, au inayo lakini ni fupi.

Katika mashine nyingi za namna hiyo feni iko baada ya koili, kwa hiyo sehemu yenye trei ya maji inafyonzwa muda wote feni inapozunguka. Kama bomba la maji liko wazi, feni hufyonza hewa kupitia bomba hilo hilo, na hewa inayoingia huyazuia maji yanayotaka kutoka. Maji yanajaa kwenye trei, mengine yanarushwa mpaka ndani ya dakti. Feni ikisimama, mfyonzo umekwisha, yote yanashuka kwa pamoja. Ndiyo mafuriko yenu ya jioni.

Dawa ni pindo la umbo la U lenye maji ndani yake muda wote, lililopimwa na si la kukisia. Chukua nguvu ya mfyonzo kwa milimita za maji, ongeza 25: huo ndio umbali wa kushuka kutoka mdomo wa trei hadi mdomo wa kutokea wa trapu. Kisha U yenyewe ishuke zaidi kwa angalau nusu ya kipimo hicho. Mfyonzo wa paskali 250 ni karibu milimita 25 za maji. Kwa hiyo kushuka kwanza ni milimita 50, halafu 25 tena. Trapu za kununua dukani kwa ajili ya sinki mara nyingi hazifiki hapo.

Tatizo mtakalokutana nalo ni nafasi: mashine nyingi zimekalishwa sakafuni moja kwa moja, hapana pa kushukia. Itabidi iinuliwe juu ya kitako cha chuma au zege. Ni kazi ngumu kwa mashine iliyokwisha kufungwa, na mkandarasi aliyeifunga bila kitako alipaswa kulijua hilo kabla. Baada ya trapu bomba lipewe tundu la kupumulia, na usiweke trapu ya pili mbele yake, maana hewa itakwama kati ya mbili hizo. Kaseti na nyingine zenye pampu hazihitaji trapu hii.

AC za mgahawa wetu Arusha zinanuka choo kila mwaka ifikapo Julai. Tumeosha filta, tumeosha koili.

Fundi ameunga bomba la maji ya AC moja kwa moja kwenye bomba la majitaka, na kilichokuwa kinazuia harufu ni maji ya kwenye trapu. Msimu wa baridi hampozi, trapu inakauka, harufu inapanda. Kumwaga jagi la maji ndani yake kutawasaidia kwa wiki kadhaa. Suluhisho lenyewe ni kulikata bomba la AC liishie hewani juu ya mdomo wa mfereji wa sakafuni, pawe na pengo linaloonekana kwa macho. Msiliunge tena.

Mimi ni msimamizi wa ujenzi Dodoma, jengo la ofisi ghorofa tano. Fundi umeme, fundi wa zimamoto, fundi AC na fundi jipsamu wanagombania nafasi juu ya dari. Kwa desturi anayewahi ndiye anayechukua. Nani aanze?

Bomba la maji ya AC lianze, sambamba na mabomba ya vyoo. Najua mafundi umeme watanikasirikia.

Waya unaweza kupanda, kushuka na kuzunguka boriti. Bomba la zimamoto lina maji yenye presha, likikunjwa mara mbili bado yatafika. Dakti unaweza kuipunguza kimo ukaiongezea upana. Maji ya AC yanajua njia moja tu, chini, na kila sentimita unayoyanyang'anya huwezi kuyarudishia mbele ya safari. Karibu kila ofisi niliyoitwa kutazama dari yenye madoa ya kahawia, bomba la maji liliwekwa la mwisho, likapitishwa palipobaki.

Kwa hiyo mkae mezani na michoro kabla ya mtu yeyote kutoboa slabu. Amueni kwanza mabomba ya wima ya kushushia maji yatakuwa wapi. Mawili yenye safari fupi ni bora kuliko moja lililo mita 30 kutoka kwenye mashine ya mwisho, kwa sababu mita 30 zinakula sentimita 30 za kimo. Halafu dakti kubwa, kwa kuwa hazifichiki. Kisha zimamoto na maji safi, kisha njia za nyaya. Dakti ikipenya ukuta uliojengwa kuzuia moto, lazima iwe na dampa ya moto, yaani kilango kinachojifunga moto ukizuka, mahali hapo, na dampa hiyo iweze kufikiwa na mkono.

Fundi jipsamu ndiye wa mwisho, na asiingie kabla ya jaribio. Zibeni mwisho wa bomba, lijazeni maji, liacheni usiku kucha, asubuhi pitieni kila kiungo. Kisha zibueni, mwage maji kwenye trei ya kila mashine, muwashe pampu na muone yanatokea upande wa pili. Dodoma ni pakavu, hivyo msidanganyike na AC zilizokaa miezi sita bila kuvuja. Kiangazi maji yake ni kidogo. Subirini masika. Na chini ya kila mashine na kila dampa paachwe kifuniko cha ukaguzi cha sentimita 60 kwa 60. Msanifu atasema kinaharibu sura ya dari. Mwacheni aseme.

Nimemaliza VETA, nafanya kazi na fundi mkubwa. Tunafunga mashine ya tani 5 yenye dakti kwenye ukumbi wa ibada, midomo sita ya kutolea hewa. Yeye anakata bati kwa macho tu. Kuna hesabu rahisi?

Ipo, na umefanya vema kuuliza, ila mweleze mkubwa wako kwa adabu.

Anza na hewa. Kila tani 1 inahitaji takriban lita 190 za hewa kwa sekunde. Tani 5 ni lita 950 hivi, yaani meta za ujazo 0.95 kwa sekunde. Chagua mwendo wa hewa. Ofisini dakti kuu huweza kwenda mita 6 kwa sekunde. Ukumbi wa ibada unataka utulivu, chukua 5. Gawanya: 0.95 kwa 5 ni meta za mraba 0.19. Dakti ya milimita 500 kwa 380 inatosha. Kama kimo ni kidogo, nenda 600 kwa 320, lakini upana usizidi mara nne ya kimo, utamaliza bati bure na msuguano utaongezeka. Kila mdomo unapata karibu lita 160 kwa sekunde. Bomba la mviringo la milimita 250 litazipitisha kwa mwendo wa mita 3 na kidogo, hapo muumini aliyekaa chini yake hatasikia kitu.

Ukikata dakti nusu ya eneo hilo, mwendo unakuwa maradufu na msuguano unaongezeka zaidi ya mara nne. Feni haina nguvu hizo. Soma kitabu cha mashine: nyingine zimeundwa kusukuma kwa paskali 50 tu, nyingine hufika 150 au zaidi. Hewa ikipungua, koili inapoa kupita kiasi, inashika barafu, na Jumapili mchana barafu inayeyuka na kufurika kwenye trei. Mkubwa wako ataitwa kwa sababu ya maji, atatazama bomba la maji, atakuta ni zima. Kosa liko kwenye bati.

Mambo mengine usiyasahau. Kona ziwe za mviringo. Zikibidi kuwa za mraba, weka ndani vibapa vya kuongozea hewa. Kila tawi liwe na dampa ya kurekebisha kiasi cha hewa, la sivyo mdomo wa kwanza unavuma na wa sita unapumua. Kati ya mashine na dakti weka kipande cha turubai ili mtikisiko usisafiri. Viungo vizibwe kwa lakiri ya dakti kabla ya kufunikwa. Na hewa iliyokwenda ipewe njia ya kurudi yenye eneo la kutosha. Ukiona milango inajibamiza yenyewe, njia hiyo imesahauliwa.

Mkandarasi anataka kutumia dakti za fleksi ofisi nzima, anasema ni nafuu. Nikubali?

Hapana. Fleksi, yaani dakti laini inayokunjika, ni ya kuunganisha tawi na mdomo, mita 1.5 hadi 2, ikiwa imenyooshwa. Iliyolegea kama soksi inakula presha yote.

Dakti za mapokezi ya hoteli yetu Zanzibar zinatoka jasho mpaka jipsamu imeota kuvu. Mafundi wamezifunga sufi ya kioo yenye karatasi ya fedha.

Kwenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida kwenu Machi, umande hujitengeneza juu ya kitu chochote chenye nyuzi 27 kushuka chini. Hewa ndani ya dakti yenu ina nyuzi 14 hivi. Tundu la ukubwa wa kidole kwenye ile karatasi linatosha kuingiza mvuke, sufi inalowa, na sufi iliyolowa haizuii tena chochote. Kwa hiyo karatasi ya fedha ina kazi kubwa kuliko sufi yenyewe. Tazameni sehemu tatu: chuma za kuning'inizia zilipokata karatasi, flanji za viungo zilizoachwa uchi, na mkanda uliobandikwa juu ya vumbi. Juu ya dari isiyopozwa pwani, unene wa milimita 25 ni mdogo, tumieni 50. Sufi iliyokwisha kulowa itupeni, msiifunike kwa mpya.

Bomba la maji nalo livikwe povu la mpira mweusi katika safari yake yote ya ndani, maana maji yanayotoka ni ya baridi. Na kama mlango wa mapokezi unakaa wazi ili wageni waone bahari, jasho halitakwisha kwa sufi peke yake.

Maji ya AC yanafaa kwa nini? Tunayamwaga kila siku.

Mimea, kudeki, kuvutia choo. Jengo la Burj Khalifa kule Dubai huyakusanya na kumwagilia bustani zake. Msiyanywe: yamepita juu ya koili yenye vumbi na vijidudu. Betri za gari pia msizitilie. Yanaonekana safi lakini yana chembe za metali, na chupa ya maji ya betri si ghali kiasi hicho.