Pindua mkebe kabla hujauweka chini

Kazi yangu ni kushona viti na kubandika dari za matatu huku Kirinyaga Road, Nairobi, na siku haipiti bila kushika mkebe wa gundi ya kupuliza. Jioni moja nilikuwa nimebakiza kipande cha dari cha urefu wa mkono tu. Dereva alikuwa amesimama mlangoni, anataka kuwahi abiria wa kutoka kazini. Nikachukua mkebe niliokuwa nimeutumia juzi, bado mzito, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu, likatoka tone moja nene, likaning'inia pale mdomoni. Nikatafuta pini, nikachokoa. Gundi iliruka upande, ikatua kwenye mgongo wa kiti nilichokuwa nimekimaliza asubuhi. Kitambaa kile hakikuokoleka. Nilikitoa chote nikashona kingine kwa pesa zangu.

Jirani yangu anayepaka rimu rangi ndiye aliyenifungua macho. Alichukua mkebe wake mwenyewe, akaupindua kichwa chini, akabonyeza kuelekea kwenye gazeti kuukuu. Kwanza rangi ilitoka kama kawaida, kisha ikafifia, kisha ikawa ni pumzi tupu isiyo na rangi. Akaachilia, akapangusa nozeli, yaani kile kichwa kidogo cha kubonyeza chenye tundu, kwa kitambaa chenye thina kidogo. "Fundi, sasa huu hata ukae mwezi," akaniambia.

Sababu yake ni rahisi ukijua kilichomo ndani. Kuna rangi au gundi, na kuna gesi iliyokandamizwa. Kutoka kwenye kichwa cha mkebe unashuka mrija mwembamba hadi karibu na kitako. Mkebe ukisimama, mdomo wa mrija umezama ndani ya rangi. Ukiupindua, rangi yote inaelekea upande wa kichwa na mdomo wa mrija unabaki penye gesi. Ukibonyeza hapo, gesi inapita peke yake na kusukuma nje mabaki yote ya kwenye mrija na nozeli. Mabaki hayo ndiyo hukauka usiku na kuziba tundu, ambalo tayari ni dogo sana.

Sekunde tatu au nne zinatosha. Mara tu unapoona inatoka gesi tupu, achilia, maana gesi unayoitoa ndiyo hiyo hiyo utakayoihitaji kumaliza mkebe. Kwa hiyo usipindue kila unapopumzika kidogo. Katikati ya kazi pangusa nozeli tu, hasa ya gundi, ambayo hujenga nyuzi nyuzi mdomoni mapema sana. Kupindua ni kwa mwisho wa kazi, kabla hujanawa mikono. Ile mikebe ya kuchorea alama ardhini imetengenezwa kupuliza ikiwa kichwa chini, kwa hiyo yenyewe husafishwa kwa kuisimamisha wima.

Naomba hapa unisikilize vizuri: gesi ile mara nyingi ni ndugu wa gesi ya kupikia, na inawaka. Upande mmoja wa kibanda changu kuna mtu wa kuchomelea, upande wa pili mama wa chai na jiko lake. Mimi hutoka nje kabisa, mahali penye upepo, ndipo nipindue mkebe. Kamwe usifanyie ndani ya gari lililofungwa milango.

Na nozeli ikiwa imeshaziba? Weka pini chini. Pini hupanua tundu, na baada ya hapo mkebe hautapuliza tena kwa unyoofu. Shika nozeli, izungushe taratibu huku ukiivuta juu, itatoka. Iloweke kwenye thina au asetoni kwa dakika kumi hivi, usiilaze humo usiku kucha kwa sababu plastiki nyingine hulegea. Itikise, ipulizie hewa ya kompresa ukiwa nayo, lakini usiweke mdomo wako. Unapoirudisha, elekeza tundu mbali na uso, maana mkebe unaweza kufyatuka papo hapo. Na usichokoe kamwe ile shingo inayobaki kwenye mkebe, kwani humo mna vali, na ukiiharibu mkebe utavuja hadi uishe.

Mimi huhifadhi nozeli za mikebe iliyokwisha, zikiwa zimesafishwa na kukaushwa, ndani ya chupa ya plastiki. Zimeniokoa mara nyingi. Angalia tu zinalingana, kwa sababu kuna zenye kijiti chini na kuna zenye shimo, na haziingiliani.

Wakati mwingine kosa liko ndani. Rangi iliyokaa hutuama, na ukibonyeza bila kutikisa, mrija unavuta matope ya chini moja kwa moja hadi kwenye tundu. Tikisa mpaka usikie gololi inagonga, kisha endelea dakika nzima. Rangi za fedha na dhahabu huhitaji zaidi.

Halafu kuna baridi ya Julai. Asubuhi za Nairobi mwezi huo mkebe hutema matone badala ya kupuliza, na wengi hudhani umeziba. Ni gesi imepoteza nguvu kwa baridi. Usimamishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yale unayoweza kumwogeshea mtoto, kisha ukaushe na kuutikisa. Nimewahi kumkuta kijana ameuegemeza wake kwenye jiko la makaa. Nilimnyang'anya bila salamu. Mkebe haupaswi kupita nyuzi 50, ndiyo maana hata kuuacha kwenye dashibodi juani ni hatari.

Dari ya jana niliimaliza saa mbili usiku. Nilitoka nje na mikebe miwili, nikaipindua mmoja baada ya mwingine, nikapangusa, nikafunika. Leo saa moja asubuhi nilibonyeza wa kwanza na gundi ikatandaza kama feni.