Besi Haikufika Mtwara

Safu ya Fundi Kanda: maswali yenu kuhusu santuri, kanda na muziki wa zamani

SWALI: Shikamoo Fundi Kanda. Baba yangu alifariki mwaka juzi hapa Lindi, akaacha sanduku la mbao lenye santuri 12 na kanda ambazo bado sijazihesabu. Baba mdogo anataka tuuze vyote. Humo kuna santuri moja ya Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, Hot Space ya mwaka 1982, ile ambayo jalada lake lina viraka vinne vya rangi na vichwa vinne. Nyuma ya jalada baba ameandika kwa kalamu ya wino: "Upande B tu." Baba mdogo anasema hiyo hata ukiigawa bure hupati mtu, eti ndiyo albamu iliyowamaliza Queen. Mwanangu ana miaka 19, kaisikiliza kwenye simu, anasema upande A ndio mtamu na wazee mliikosea. Nani tumsikilize? Na kwa nini baba aliandika vile?
M.S., Mtanda, Lindi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Mwaka juzi ni jana.

Kwanza mwambie baba mdogo asubiri. Pili, nami ni mtuhumiwa katika kesi hii. Niliitukana Hot Space kwa zaidi ya miaka 30, na ushahidi wangu wote ulikuwa kanda moja ya dakika 60.

Mwaka 1983 kaka yangu alikuwa kuli bandarini Mtwara. Baharia wa meli iliyokuja kupakia korosho alimwachia kanda hiyo, kaka akampa pweza wakavu watatu. Mwaka wenyewe ndio ule wa msako wa wahujumu uchumi, mtu akiwa na miche mitatu ya sabuni anaificha darini, kwa hiyo kanda ya Kizungu isiyo na maelezo tuliisikiliza chumba cha nyuma, Chikongola, kwa sauti ya kunong'ona. Redio ilikuwa na spika moja, upana wake kama kisosi. Betri ni zile za kuanika juani asubuhi ili jioni zipate pumzi kidogo.

Sasa sikiliza kilichotufikia sisi.

Upande A wa albamu ile umesimama juu ya besi, na kwa sehemu kubwa si besi ya gitaa. Staying Power, wimbo wa kwanza, hauna gitaa la besi kabisa. Freddie Mercury, mwimbaji wao, anaipiga besi kwa kinanda. Kwenye Dancer anayepapasa kinanda cha besi ni Brian May, ndiyo, mpiga solo mwenyewe. Body Language imebakizwa mifupa mitupu: besi ya kinanda, mashine ya ngoma, makofi, na mtu anayehema. Ukiiondoa besi hapo, kama kisosi chetu kilivyoiondoa, unabaki na makofi na mtu anayehema. Tulidhani kanda ni mbovu. Kaka aliifungua skrubu zote tano, akaikagua, akaifunga, tukasikiliza tena. Makofi na mtu anayehema.

Tukageuza upande B. Put Out the Fire ikaingia na gitaa la kukwaruza, tukashusha pumzi, hawa ndio Queen tunaowajua. Las Palabras de Amor ina zile sauti zao za kupangana kama ngazi. Mwisho kabisa Under Pressure waliyoimba na David Bowie, yenye besi ya gitaa ya John Deacon, noti mbili tu, ambayo hata spika ya kisosi haikuweza kuiua. Gitaa na sauti za watu hupita kwenye tundu dogo. Besi nzito haipiti. Kwa hiyo mimi nikiona "Upande B tu" naona maneno ya mtu mwenye spika ndogo. Baba yako sikumjua, lakini kanda yangu ningeiandika hivyohivyo.

Na kuna jambo la aibu zaidi. Karibu na mwisho wa upande B upo wimbo wa Cool Cat, ambao Freddie ameuimba wote kwa sauti nyembamba ya kike, laini kama hariri. Mimi nilijua ni sauti ya mwanamume wa kawaida, tena mwenye usingizi. Kumbe kila tulipofika pale betri zilikuwa zimeshachoka, kanda inatembea kwa kujikokota, na sauti inashuka. Niliusikia wimbo huo kwa mwendo wake halisi nikiwa nina wajukuu.

Basi hizo ndizo sababu zetu sisi wa kusini. Wenzetu wa Uingereza na Marekani walikuwa na spika za kutosha, na bado waliikataa, kwa hiyo baba mdogo hakubuni. Ugomvi wao ulikuwa mwingine. Miaka ya sabini Queen walikuwa wakiandika kwenye majalada, kwa majivuno, kwamba humu hakuna sinthesaiza, yaani kinanda cha kuunda sauti kwa umeme. Walianza kuitumia kwenye The Game ya 1980, na albamu hiyo ilishika namba moja Uingereza na Marekani pia, ikibebwa na Another One Bites the Dust, wimbo wa besi tupu wa yule yule Deacon. Ungedhani mashabiki wameshazoea. Lakini wimbo mmoja wa disko katikati ya magitaa ni kiungo, na upande mzima ni chakula kingine. Tena Marekani neno disko lilikuwa limegeuka tusi: Julai 1979 santuri za disko zililipuliwa katikati ya uwanja wa besiboli Chicago, watu wakavamia uwanja. Hot Space ikatoka Mei 1982 katikati ya hasira hizo. Uingereza ilifika namba 4, Marekani namba 22. Mwaka huo walizunguka Marekani kupiga, na Freddie hakupiga tena jukwaani kule na bendi mpaka anafariki Novemba 1991.

Hapa kwetu nani alichukia disko? Jumamosi ukumbi ulijaa. Ila mwenzetu mmoja, mwalimu, alikuwa akipata magazeti ya zamani ya muziki kutoka kwa padri mmoja, anatusomea na kututafsiria, na tukabeba ugomvi wa Chicago kichwani kama mzigo wa mtu tusiyemjua. Ukichanganya na kisosi, hukumu ikapita.

"Iliwamaliza" hapana. Mwaka 1984 walitoa Radio Ga Ga ya Roger Taylor, mpiga ngoma wao, kinanda na mashine ya ngoma mwanzo mpaka mwisho, na Julai 1985 pale Wembley, kwenye tamasha la hisani la Live Aid, uwanja mzima ulipiga makofi juu ya kichwa kwa wimbo huohuo. Ndiyo maana nasema kinanda hakikuwa kosa. Wazee wa taarabu nao walilia fidla zilipoondoka kinanda kikakaa peke yake, na baadhi yao nawaona harusini wakitunza.

Nikueleze kilichonibadilisha. Jumapili moja Oktoba iliyopita, korosho zimeanza kudondoka, tulikaa watano uani kwa mwenzetu Mikindani, sinia la ming'oko katikati, chumvi na pilipili pembeni. Kijana wa nyumba ile anapiga muziki kwenye harusi, siku hiyo spika zake mbili kubwa zilikuwa zimelala uani. Kwa utani nikamwambia atuwekee Hot Space, upande A, tumzomee Freddie kwa mara ya mwisho.

Staying Power ilipoanza bati la jiko likaanza kulia. Kuku wakahama ua. Tarumbeta, ambazo kwenye kanda yetu zilikuwa kama mtu anayepiga miluzi mtaa wa pili, zikaingia kwa mkupuo, na chini yake kuna kitu kinatembea, kizito, kinarukaruka. Kaka yangu, yule wa pweza watatu, sasa ana miaka 71, aliinuka taratibu akaenda kuweka kiganja kwenye wavu wa spika. Akakaa nacho hapo mpaka wimbo ukaisha. Akasema, "Kumbe humu mlikuwa na mtu."

Hatukuzomea. Back Chat tuliirudia mara tatu, na mwenye nyumba, ambaye goti lake moja halikunji, alicheza kwa goti moja.

Mwalimu ndiye hakuyumba. "Sawa, besi nimeisikia," alisema, anamenya ming'oko. "Sasa nionyesheni Brian May. Mimi sikuja kwa Queen kutafuta besi." Na hapo ana hoja, siwezi kumkatalia. May yumo kwenye Back Chat, anaingia na solo la hasira, lakini mwenyewe amewahi kusimulia jinsi alivyovutana na Deacon juu ya gitaa kwenye nyimbo zake. Deacon hakulitaka gitaa la namna ile. May na Taylor wote wamesema baadaye kwamba njia ile haikuwa yao. Na hilo linasikika. Wanne hawa walizoea kuwa watu wanne ndani ya wimbo mmoja, na Hot Space ni mtu mmoja mmoja anayebisha hodi kwa wakati wake. Spika kubwa haiponyi hilo, inalianika. Action This Day ya Taylor kwangu bado ni baridi. Nilichokuwa nakipenda ni kilichofuata, maana kwenye kanda yetu upande A ulipoisha na nafasi imebaki, kaka alijazia kipande cha dansi kutoka Radio Tanzania. Mpaka leo wimbo ule ukiisha nasubiri mpiga solo wa dansi aingie. Calling All Girls naipita.

Kijana wako ana haki kwa nusu. Mwambie atoe masikio kwenye simu na aitafute shoo ya Queen ya Milton Keynes, Uingereza, ya tarehe 5 Juni 1982, ipo, ilitolewa rasmi mwaka 2004. Pale Staying Power inapigwa kwa magitaa, Deacon mwenyewe kashika gitaa la rithimu, na wimbo unachemka kama dansi likifika kwenye sebene. Akishaisikia hiyo arudi kwenye santuri, ataona kilichokosekana na kilichoongezeka. Na kama amekuletea ile habari kwamba Hot Space ndiyo iliyomzaa Thriller, ni kweli Brian May amesimulia kuwa Michael Jackson aliipenda na ilimpa kitu. Lakini Jackson alianza kurekodi Thriller Aprili 1982, Hot Space ikatoka Mei. Ninalikubali hilo nikiwa nimeshapunguza chumvi.

Santuri usiiuze. Ukiwa na nafasi niandikie baba yako alikuwa na mashine gani ya kupigia, na spika zake zilikuwa na upana gani. Ukikuta zilikuwa kubwa, nitafuta yote niliyoandika hapo juu kuhusu kisosi na kukubali kwamba mzee alisikia vizuri tu, akachagua.

SWALI: Fundi, hapa kijiweni tunabishana. Freddie Mercury ni Mzanzibari kweli au ni maneno ya watalii? Na mbona hakuimba Kiswahili?
Mbishi, Masasi

JIBU: Kazaliwa Zanzibar, Mji Mkongwe, tarehe 5 Septemba 1946, jina Farrokh Bulsara, wazazi ni Waparsi na baba yake alikuwa keshia wa serikali ya kikoloni. Utoto mwingi aliumalizia shule ya bweni India. Familia ilihamia Uingereza 1964, mwaka wa Mapinduzi. Kwa hiyo ni wa kwetu kwa kuzaliwa. Mengine mjadiliane wenyewe. Kiswahili kwenye nyimbo usikitafute. Utakachopata ni "Bismillah" ndani ya Bohemian Rhapsody ya 1975, na Mustapha inayofungua albamu ya 1978, ambayo inaanza kama mtu anayeita kutoka juu ya paa. Baba yangu aliisikia mara moja akauliza huyo ni sheikh wa wapi.

SWALI: Kanda zangu za miaka ya themanini zimeota unga mweupe ndani, na nyingine zinalia zikizunguka. Nizitupe? Niko Shangani, karibu kabisa na bahari.
Msomaji, Mtwara

JIBU: Bahari ndiyo imefanya hivyo, unyevu na chumvi. Unga mweupe ni ukungu. Usiipige hiyo kanda kwenye mashine nzuri, ukungu utahamia kwenye kichwa cha mashine na kanda itakayofuata nayo itaupata. Kama ganda ni la skrubu, lifungue juu ya gazeti, toa magurudumu mawili kwa uangalifu bila kuyaachia, pangusa kingo kwa pamba kavu, kisha hamishia kwenye ganda la kanda isiyo na thamani, zile za matangazo. Kama ganda limegundishwa kwa gundi, niachie mimi.

Zinazolia mara nyingi zimejikaza tu. Zizungushe kwa kalamu mpaka mwisho na urudishe, pole pole, mara mbili. Zikiendelea kulia zilete, nipo kibandani kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Ila uje na kalamu yako, zangu zinaibwa.