Kuhusu kuupenda uandishi wa habari ukiwa tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia)

Mdogo wangu, nimekuelewa: uko kidato cha tano hapo Tanga, umeandika habari moja ya ubao wa shule kuhusu wachuuzi wa soko la samaki la Deep Sea, na sasa Fizikia haipandi. Baba naye anataka uwe daktari.

Usihame tahasusi. Mwandishi anayesoma ripoti ya maabara bila kubabaika ni adimu kwetu. Ukimaliza, angalia mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huo uone sifa za kuingia Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kwa sasa, rudi Deep Sea boti zinapoingia. Muulize bei mvuvi, kisha mchuuzi, kisha mkusanya ushuru. Majibu yao yakipishana, hapo ndipo habari ilipo. Andika majina na tarehe papo hapo, kisha mpe mwalimu wa Kiswahili aikate bila huruma. Likizo, omba kujitolea redio ya mjini. Watakutuma chai; vumilia, ila si likizo nzima!

Tahadhari: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hiyo, kwa hiyo jitambulishe kama mwanafunzi. Usirushe tuhuma za mtu mtandaoni. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ukiitwa polisi, mwambie mzazi na mtafute wakili kabla hujaeleza chochote.

Baba? Mtangulize mjomba, na uende na matokeo mazuri ya muhula mkononi.